Kilo ni zile zile, msuli si ule ule

Kando ya barabara ya Tom Mboya, jijini Nairobi, kuna vijana wenye mizani. Unavua viatu, unapanda, unatoa sarafu, unatajiwa kilo zako. Shangazi yangu, miaka 67, hapiti pale bila kujipima, na kila mara hushuka akitabasamu: "Sijaongeza hata kilo." Lakini ngazi za daraja la waenda kwa miguu siku hizi anazipanda ameshika chuma kwa mikono miwili.

Dhana: Kilo zisipobadilika, mwili haujabadilika.

Mizani haijui msuli wala mafuta. Tangu miaka ya thelathini msuli hupungua, takriban asilimia 3 hadi 8 kila miaka kumi, na baada ya 60 kasi huzidi. Nafasi hiyo mafuta huijaza polepole. Simama buchani utazame pande la ng'ombe aliyenona: ile michirizi myeupe katikati ya mnofu mwekundu. Paja la mzee likipigwa picha ya CT, ile eksirei ya kuonyesha ndani ya mwili, huonyesha jambo kama hilo. Huko Marekani, wazee wa miaka 70 hadi 79 walifuatiliwa kwa miaka mitano, na mafuta ya katikati ya misuli ya paja yaliongezeka hata kwa wale waliokonda. Nguvu nazo zilishuka haraka kuliko msuli wenyewe.

Dhana: Msuli usiotumika hugeuka mafuta.

Haugeuki. Kati ya nyuzi za msuli kuna seli changa ambazo kazi yake ni kusaidia msuli ulioumia upone. Msuli ukikaa bure, baadhi ya seli hizo changa huwa seli za mafuta.

Dhana: Mafuta yoyote ndani ya msuli ni ugonjwa.

Wakimbiaji wa mbio ndefu wana matone mengi ya mafuta ndani ya nyuzi zao, na insulini yao, homoni inayodhibiti sukari ya damu, hufanya kazi vizuri, kwa sababu akiba hiyo wanaichoma kila siku. Kwa mtu wa kukaa tu, mrundiko huo huambatana na kisukari cha aina ya pili.

Dhana: Mzee asibebe kitu kizito.

Hii ndiyo inayoniuma, maana tunawakalisha wazee wetu kwa mapenzi. Mwaka 1990, huko Boston, wazee wa miaka 86 hadi 96 walifanyishwa mazoezi ya uzito kwa wiki nane. Nguvu za miguu ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174.

Shangazi alipimwa presha kwanza, daktari akamruhusu. Sasa githeri ikichemka, yeye huinuka kwenye stuli bila kutumia mikono, mara kumi, anapumzika, anarudia.