Mwandiko wa mtoto anayemaliza darasa la saba

Mzazi akisikia neno mwandiko, mara nyingi anafikiria herufi zilizorembwa. Walimu tunaangalia mambo mengine: mtu mwingine asome bila kubahatisha, mtoto aandike kwa mwendo unaofaa, na mkono usichoke kabla ya kazi kwisha. Urembo ni nyongeza tu.

Kusomeka ndiko kwenye kazi kubwa. Herufi zikae juu ya mstari, na mikia ya g, j, p na y ishuke chini yake. Mtoto asiyefunga herufi a vizuri ataandika "kata" isomeke "kutu". Anayegeuza b ikawa d, baba yake anageuka dada. Kosa hilo ni la kawaida darasa la kwanza na la pili. Likifika la sita, mtoto huyo asaidiwe kwa utulivu, na tafadhali asichapwe. Nafasi nazo zina maana: "anasoma" ni neno moja, na anayeandika "ana soma" amekata kitenzi. Hapa Dodoma tuna kipimo chetu wenyewe, kata ya Ng'hong'honha. Ritifaa (alama ya ') mbili, h tatu. Nimeona daftari ambamo ritifaa zote mbili zilirundikwa mwishoni mwa jina.

Kuunga herufi au kutounga, kwangu ni sawa. Nisichokubali ni herufi kubwa kuchomoza katikati ya neno.

Mwendo husahaulika, na nadhani mtihani wenyewe unachangia. Katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, maswali mengi mtoto huweka kivuli kwa penseli kwenye fomu ya kujibia, basi miezi ya mwisho shule nyingi huacha imla na insha. Halafu anaingia kidato cha kwanza, masomo mengi ni kwa Kiingereza, notisi zimejaa ubao. Anayechora herufi mojamoja anafutiwa akiwa bado nusu.

Ukitaka kumpima nyumbani, msomee aya fupi kwa mwendo wa kawaida naye aandike. Mtazame vidole: akibana kalamu hadi kucha zinakuwa nyeupe, atachoka mapema. Mwache alegeze, aegemeze mkono mezani. Kisha mpe jirani karatasi aisome kwa sauti, mtoto akiwa pale pale anasikiliza.