Je, wajua kwa nini gemu za kihistoria hukosea historia makusudi?

Mwaka 2014 kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa ilitoa Assassin's Creed Unity, gemu inayomrudisha mchezaji Paris wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa. Hakuna jengo lililotangazwa kwa mbwembwe kama kanisa kuu la Notre-Dame. Msanii mmoja wa kampuni alitumia takribani miaka miwili akilijenga upya kwenye kompyuta, tofali kwa tofali. Ukiparamia kuta hadi juu ya paa, utaukuta ule mnara mwembamba uliochongoka, ambao dunia nzima iliuona ukiporomoka kwenye moto wa tarehe 15 Aprili 2019.

Sasa, mnara huo ulisanifiwa na Viollet-le-Duc na kukamilika mwaka 1859. Hadithi kuu ya gemu inaanza mwaka 1789. Mnara wa kale ulikuwa tayari umeanza kuvunjwa katika miaka ya 1780, na huu uliokuja kuungua ulikuwa bado miaka 70 haujasimama.

Watengenezaji walilijua hilo vizuri. Waliuweka kwa sababu mtu anayeijua Notre-Dame kwa picha za watalii angeliona paa tupu na kudhani kampuni imekosea. (Baada ya moto ulienea uvumi kwamba mafundi wangelijenga upya kanisa kwa kutumia gemu hiyo. Haikuwa hivyo, zilikuwepo skani za leza zilizopigwa na wataalamu miaka kadhaa kabla, na mnara huu wa kimichezo usingemfaa fundi yeyote.)

Jibu la swali letu limejificha juu ya paa hilo. Gemu ya aina hii huuza ile picha ya zamani ambayo mnunuzi tayari anayo kichwani. Ukweli wa vitabuni ukipatana na picha hiyo, hupigiwa tarumbeta kwenye matangazo. Ukipingana nayo, husogezwa pembeni kimyakimya.

Sijaona walioifanya kazi hii kwa ustadi kuliko waundaji wa Ghost of Tsushima, iliyotolewa na Sony Julai 2020. Iliundwa na Sucker Punch, studio ya jimbo la Washington nchini Marekani, na inahusu uvamizi wa Wamongolia katika kisiwa cha Tsushima, Japani, mwaka 1274. Uvamizi wenyewe ulitokea kweli. Majeshi yalishuka katika ufukwe wa Komoda, na So Sukekuni, kiongozi wa kisiwa hicho, akatoka kuyakabili akiwa na wapanda farasi 80 tu. Alikufa hapo na watu wake. Gemu nayo inafungukia ufukweni hapo hapo, kwa idadi hiyo hiyo ya samurai, ila Sukekuni hayumo. Mahali pake yupo bwana wa kubuni, na unayemwendesha wewe ni mpwa wake, Jin Sakai, ambaye naye hakuwahi kuwepo. Hata kiongozi wa wavamizi amebuniwa.

Mtazame Jin kwa karibu. Samurai wa 1274 alikuwa kwanza kabisa mpiga mishale wa farasini. Deraya yake ilikuwa pana, yenye umbo la sanduku na vibao vikubwa mabegani, kwa kuwa ilikusudiwa kumkinga mtu aliyeketi kwenye tandiko. Upanga wake, tachi, ulining'inia kiunoni makali yakitazama chini. Jin anavaa deraya iliyoshika mwili, ya karne za baadaye. Amechomeka katana mshipini. Anapigana kwa miguu, uso kwa uso na adui, nyasi ndefu zikiyumba pande zote. Akitulia kando ya ziwa anatunga haiku, utungo mfupi wa Kijapani ambao ulikuja kushamiri katika karne ya 17.

Waundaji hawakuficha: walisema wazi kwamba samurai wa karne ya 13 jinsi alivyokuwa hasa hafanani na yule ambaye watu wanatarajia kumwona. Na huyo anayetarajiwa ametoka wapi? Ametoka kwenye filamu za Kijapani za katikati ya karne ya 20. Ndiyo maana gemu ina chaguo la kuichezea yote kwa rangi nyeusi na nyeupe, filamu ikiwa na chengachenga kama za zamani, na chaguo hilo limepewa jina la mwongozaji Akira Kurosawa kwa ridhaa ya warithi wake. Mnunuzi anauziwa kumbukumbu ya filamu, hata kama hajawahi kuitazama yoyote kati yake.

Matangazo yalifuata njia hiyo hiyo. Kwenye maonyesho ya gemu ya E3 ya mwaka 2018 mjini Los Angeles, Sony ilianza kwa kumpandisha jukwaani mpiga shakuhachi, filimbi ya mwanzi ya Kijapani, kabla ya kuonyesha lolote la gemu hii. Kisha ikaja gemu yenyewe: mpanda farasi katikati ya nyasi, na pambano la panga chini ya miti yenye majani mekundu. Jambo moja la kiufundi lilisaidia kuliko watu wanavyodhani. Skrini haina mshale wa kukuelekeza wala ramani ndogo kwenye kona; ukipotea, upepo ndio unaovuma kuelekea unakotakiwa kwenda. Kwa hiyo kila picha inayopigwa humo hutoka safi, bila alama wala tarakimu, na gemu ina kamera yake ya kupigia picha hizo. Wachezaji wakazisambaza mitandaoni bila kulipwa hata senti. Katika siku tatu za kwanza ziliuzwa nakala milioni 2.4.

Ungetegemea Wajapani wakereke kwa haiku iliyowahi mno. Jarida lao la Famitsu liliipa gemu hiyo alama 40 kwa 40. Kimbunga kilipoangusha lango la hekalu la Watatsumi kisiwani Tsushima, Septemba 2020, kasisi wake aliomba michango ya yeni milioni 5, na wapenzi wa gemu wakachangia pamoja na wengine hadi ikapita milioni 20. Machi 2021 mji wa Tsushima uliwatangaza waongozaji wawili wa gemu kuwa mabalozi wake wa utalii. Makosa yaliyomo yalikuwa yale ambayo hata filamu za nyumbani zilishayazoesha macho ya watu.

Kuna sababu nyingine, kavu zaidi, inayowavuta wafanyabiashara kwenye historia: haina mwenyewe. Ukitaka gemu ya shujaa wa vibonzo sharti ulipie haki zake. Kleopatra, piramidi na Robespierre wa Mapinduzi ya Ufaransa havina ada. Tena vinajulikana duniani kote kabla hujatumia shilingi kwenye tangazo. Na kila ukihamisha kipindi, kama mfululizo wa Assassin's Creed ulivyohama kutoka Firenze ya karne ya 15 hadi Misri ya Kleopatra, unapata sababu ya kumuuzia mtu yule yule kazi ile ile ya kuparamia kuta na kuchoma visu.

Matatizo huanza historia inapokuwa na watu walio hai, au watoto wao. Manuel Noriega, aliyewahi kuitawala Panama, aliishtaki kampuni ya Activision mwaka 2014 akiwa gerezani kwa sababu alikuwemo kwenye Call of Duty: Black Ops II bila ruhusa yake, jaji wa California aliitupa kesi. Watoto wa Jonas Savimbi, kiongozi wa waasi wa Angola, nao walikwenda mahakamani Ufaransa mwaka 2016, wakilalamika kuwa gemu hiyo hiyo imemchora baba yao kama mshenzi mwenye kiu ya damu. Nao hawakufanikiwa. Si ajabu basi kwamba kampuni nyingi hupenda wafu wa zamani sana, na hata hao huwazungushia uangalifu. Assassin's Creed ya kwanza, ya mwaka 2007, ilihusu Vita vya Msalaba, huko Akka, Yerusalemu na Damasko mwaka 1191. Kitu cha kwanza kuonekana kwenye skrini kilikuwa tamko kwamba imetengenezwa na watu wa imani na dini mbalimbali.

Tuje kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa muda mrefu wauzaji waliviogopa: matope, mahandaki, askari kukaa miezi mahali pamoja. Mmoja wa wakuu wa kampuni ya gemu ya EA, Patrick Söderlund, alikiri kwamba mwanzoni alilikataa wazo la Battlefield 1 kwa kutoona vita hivyo vitafurahisha vipi. Gemu ilipotangazwa Mei 2016, trela yake, yaani filamu fupi ya tangazo, ikawa miongoni mwa zilizopendwa mno YouTube. Ilionyesha nini? Puto kubwa la kijeshi likiwaka moto angani, farasi jangwani Uarabuni, rungu, vinyago vya gesi. Matope yalikuwemo kwa kuonja tu. Ndani ya gemu askari wengi wana bunduki za rashasha, ilhali wengi wa 1914 hadi 1918 walibeba bunduki za kukoki kila risasi.

Lakini mwanzo wake ni wa kipekee. Unaingia vitani na unakufa. Huna namna ya kushinda. Jina la askari wako linatokea, na miaka ya kuzaliwa na kufa, kisha unahamishiwa kwa mwingine, naye anakufa. Dakika chache hizo zilitosha kuipa gemu nzima sura ya heshima ambayo sehemu iliyobaki haiifuati sana. Na sasa sikia kinachonichekesha: gemu hiyo ya Vita vya Kwanza ilitoka bila jeshi la Ufaransa wala la Urusi kwenye mapigano ya mtandaoni. Yalikuja mwaka 2017 kama nyongeza za kulipia. Wanahistoria waliguna, wanunuzi wengi hawakuona pengo, maana kwenye picha yao ya vita hivyo Wafaransa hawakuwa na nafasi kubwa.

Miaka miwili baadaye kampuni hiyo hiyo ikajikwaa. Trela ya Battlefield V, ya Mei 2018, ilihusu Vita vya Pili na ilimweka mbele mwanamke mwenye mkono wa bandia. Mtandao ukawaka, hoja ikiwa ni "ukweli wa kihistoria". Söderlund aliwaambia wanaopinga wakubali au wasinunue, na baadhi walimtii. Gemu iliuza nakala milioni 7.3 kufikia mwisho wa mwaka 2018, pungufu kwa takribani milioni moja kuliko ilivyotarajiwa. Wanawake walipigana kwenye vita hivyo, bila shaka yoyote. Lyudmila Pavlichenko, mdunguaji wa jeshi la Kisovieti, anahesabiwa kuua maadui 309. Wengi waliopiga kelele hawakuwa wamekerwa na rashasha za mwaka 1917. Sehemu ya hasira ile ilikuwa chuki kwa wanawake, tusiipambe. Hata hivyo tangazo lenyewe lilikuwa bovu: rangi kali na vurumai, bila mahali wala tukio ambalo mtazamaji angelitambua akasema hii ni vita ile.

Assassin's Creed Shadows ilionyesha jambo hili kwa namna ya ajabu zaidi. Ubisoft ilipoitangaza Mei 2024 ilisema mmoja wa wahusika wake wawili wakuu ni Yasuke. Huyu, tofauti na Jin Sakai, alikuwepo. Alikuwa Mwafrika aliyefika Japani mwaka 1579 na msafara wa Mjesuiti Alessandro Valignano, na kitabu cha Kijesuiti cha karne ya 17 kinasema alitoka Msumbiji. Alipofikishwa kwa Oda Nobunaga mwaka 1581, mtawala huyo alidhani rangi yake ni wino, akaamuru asuguliwe. Baadaye akamweka katika utumishi wake. Yasuke alikuwa upande wa Nobunaga hata siku ya usaliti wa Honno-ji, hekalu ambamo Nobunaga alifia, mwaka 1582.

Mtu wa kweli, basi, akaitwa uongo na wale wale waliomkumbatia samurai wa kubuni. Cha kuchekesha ni kwamba Wajapani wenyewe walikuwa wamekwisha kumtia kwenye Nioh ya mwaka 2017, na humo ni adui wa kupigwa; makelele hayakuwa hata robo ya haya. Kuwa adui wa dakika kumi ni tofauti na kuwa sura ya kwenye kasha.

Huko Japani malalamiko yalikuwa na ladha nyingine. Kikundi kimoja cha waigizaji wa vita vya kale kilikuta bendera yake imechorwa kwenye picha za matangazo bila ruhusa, na Ubisoft ikaomba radhi. Gemu iliahirishwa mara mbili hadi tarehe 20 Machi 2025. Siku moja kabla, mbunge mmoja alimuuliza waziri mkuu Shigeru Ishiba bungeni kuhusu gemu inayomruhusu mchezaji kuvunjavunja vitu ndani ya mahekalu, naye akajibu kuwa kuchafua hekalu ni jambo lisilovumilika. Ubisoft ilitoa rekebisho siku ya uzinduzi, na vifaa kadhaa vya hekaluni havivunjiki tena hata ukivipiga kwa rungu la Yasuke. Nobunaga wa kweli, bwana wake Yasuke, aliteketeza mahekalu ya mlima Hiei mwaka 1571.