Upele Hutibiwa kwa Nyumba Nzima, Si kwa Mtu Mmoja

Kiangazi kinapokolea hapa Dodoma, barua za walimu wakuu huanza kufika mezani kwetu maafisa afya. Karibu zote zinafanana: wanafunzi wanajikuna darasani, usiku hawalali bwenini, wazazi wanalalamika, tunaomba mtaalamu aje atoe elimu ya usafi. Ombi ni jema na tunalipokea. Ila niseme mapema neno litakalowashangaza baadhi ya walimu: upele hauponi kwa kuoga.

Mdudu jike wa upele hafiki hata nusu milimita. Huchimba njia ndani ya tabaka la juu la ngozi, na humo hutaga mayai mawili matatu kwa siku. Sabuni haimfikii. Anayeoga asubuhi na jioni huambukizwa kama asiyeoga, maana kinachomhamisha mdudu ni ngozi kugusana na ngozi kwa muda: mama na mtoto anayenyonya, ndugu watatu kwenye godoro moja, wanafunzi wanaolala wawili kitanda kimoja. Ndiyo maana naumia nikisikia mtoto amesimamishwa mstarini akaitwa mchafu mbele ya wenzake. Huenda mtoto huyo anatoka kwenye kaya ambayo dumu la lita 20 ndilo maji ya siku nzima. Baada ya aibu ile familia itaficha, na upele uliofichwa huenea kimyakimya.

Usafi una nafasi yake, na ni kubwa. Mtoto akijikuna kwa kucha ndefu zenye uchafu, bakteria huingia kwenye michubuko, vidonda vinatunga usaha, na baadhi ya bakteria hao huweza hata kudhuru figo. Kwa hiyo kucha zikatwe na vidonda vioshwe kwa sabuni. Lakini hiyo ni kinga ya madhara ya kujikuna. Mdudu mwenyewe anataka dawa.

Hapo kwenye dawa ndipo tunapogongana na wananchi kila wiki. Mtu anayepata upele kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki nne hadi sita bila kuwashwa, na muda wote huo anaambukiza. Mama anaambiwa wapakwe wote nyumbani, anajibu, “Baba yao hawashwi, wa nini kumpaka?” Anatibiwa mtoto peke yake, anapona, anarudi kulala na baba, na baada ya siku chache muwasho umerudi. Kisha tunaambiwa dawa za zahanati ni feki. Dawa si feki. Nyumba haikutibiwa.

Utaratibu ni huu, na naomba ufuatwe kama ulivyo. Chagueni jioni moja, wote mliolala pamoja mwezi uliopita, awe anawashwa au hawashwi. Ogeni, mjikaushe, ngozi ipoe. Dawa nyeupe ya maji ya BBE (benzili benzoeti), au ya krimu mkipewa hiyo, ipakwe kuanzia shingoni hadi nyayoni: katikati ya vidole, chini ya kucha, kwapani, kitovuni, chini ya matiti, kwenye makalio na sehemu za siri. Watoto wachanga hupakwa hata kichwani, na BBE yao hupunguzwa nguvu kwa maji kwa kipimo mtakachopewa na mhudumu, msikisie. Ukinawa mikono, paka tena mikono. Rudieni kwa siku mlizoandikiwa, hata kama muwasho umepungua, kwani mayai yaliyosalia huanguliwa baadaye. Wajawazito waseme kabla ya kupewa dawa yoyote, hasa vidonge vya ivermektini. Bado nakutana na watu waliopaka panapowasha tu!

Nguo na mashuka ya siku hizo zifuliwe kwa maji ya moto na zianikwe juani. Penye uhaba wa maji, zifungwe kwenye mfuko wa plastiki kwa wiki moja, maana mdudu huyu akitoka kwenye mwili wa mtu hufa baada ya siku mbili tatu. Muwasho wenyewe unaweza kuendelea wiki mbili hadi nne baada ya tiba. Ni ngozi inayotulia taratibu, msiongeze dawa kwa pupa.

Jambo moja silivumilii. Dawa ya kuogeshea mifugo isipakwe kwenye ngozi ya binadamu, hata iwe imezimuliwa kwa maji kiasi gani. Najua ipo nyumbani, najua inaua kupe. Baadhi yake ni sumu inayopenya ngozi na kushambulia mishipa ya fahamu, na mtoto mwenye michubuko huifyonza haraka. Mafuta ya taa nayo yabaki kwenye kibatari.

Funza ni habari nyingine, ingawa wananchi huwataja pamoja. Huyu ni kiroboto anayekaa kwenye vumbi la sakafu ya udongo na zizini, na wapo wanaosema ametumwa na mtu. Hakutumwa na jirani. Alifika Afrika kwa meli kutoka Brazil mwaka 1872, akashukia Angola, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa ameshafika pwani yetu. Nyunyizeni maji sakafuni kabla ya kufagia, mifugo isilale chumba kimoja na watoto, viatu vivaliwe. Na pini moja ya kutolea funza isizungushwe kwa watoto sita: pepopunda huingia hapo.

Kuna wanaojificha wakidhani watatozwa faini. Hakuna sheria inayomwadhibu mtu kwa kuwa na upele. Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 2009 inamruhusu afisa afya kukagua majengo na kushughulikia kero zinazohatarisha afya. Mmiliki wa bweni au nyumba ya wageni hukaguliwa kwanza, hupewa ilani ya maandishi yenye kasoro na muda wa kurekebisha, hukaguliwa tena, na akikaidi hufikishwa mahakamani. Anayeulizwa hapo ni mwenye jengo, mgonjwa hahusiki.

Walimu wakuu, msiwarudishe watoto nyumbani kwa wiki nzima. Mtoto anaweza kurudi darasani kesho yake baada ya kupakwa dozi ya kwanza. Mnapotuandikia, orodhesheni idadi ya wanafunzi kwa kila bweni, vitanda vilivyopo na zahanati iliyo karibu, ili dawa itoshe wote kwa jioni moja. Matroni na wapishi wanaolala shuleni nao waandikwe, kwani mara nyingi ndio tunaowasahau.