"Mzee Wangu, Redio Tushanunua": Dhana Potofu Kuhusu Mawasiliano ya Kijeshi

Juzi niliitwa kwenye ghala moja la korosho nje kidogo ya mji wa Mtwara kukagua redio za walinzi. Meneja, kijana mstaarabu, akanifungulia kabati. Ndani mlikuwa na redio kumi na mbili za mkono, karatasi ya nailoni bado imebandikwa kwenye vioo. Zilizowaka zilikuwa nne. Chaja tatu. Mlinzi wa zamu ya usiku akaninong'oneza kuwa yake inakaa na chaji nusu saa, kisha inalia na kuzima. Nikamuuliza meneja ni nani mwenye dhamana ya redio hizi. Akanijibu kwa utulivu kabisa: "Mzee wangu, mawasiliano tunayo. Redio tushanunua."

Kauli hiyo nimeisikia kwa makamanda miaka yote niliyovaa sare nikiwa mtu wa siginali, tangu nikibeba roli la waya wa simu mgongoni hadi nilipokuwa ofisa wa mawasiliano. Nimestaafu, bado inanifuata: kwa wenye maghala, wenye boti, kamati za maafa. Wiki ile ile niliisikia mara tatu, na mara ya tatu ilitoka kwa ofisa kijana aliyekuja kuniamkia nyumbani kwangu Shangani, hapa Mtwara. Huyo ndiye aliyenifanya nikae chini niandike.

"Redio zikishanunuliwa, mawasiliano yapo"

Hayapo. Mawasiliano ni ujumbe uliotoka kwa aliyeutuma ukamfikia aliyekusudiwa, ukiwa mzima, kwa wakati wake, bila adui kuudaka. Ili hilo litokee lazima kuwe na mtu anayejua masafa ya mchana ni yapi na ya usiku ni yapi, betri iliyochajiwa, antena iliyopimwa, mafuta ya jenereta, daftari la kumbukumbu linaloandikwa kila saa, na kamanda aliyemwambia mtu wake wa redio anakwenda wapi kabla ya kwenda. Redio yenyewe ni sehemu ndogo ya hesabu hiyo.

Tuanze na fedha, maana ndiko kunakoanza kuharibika. Kununua redio ni fedha za maendeleo. Zinaombwa mara moja, zinatolewa mara moja, kuna siku ya makabidhiano na picha. Betri, konekta, kebo, spea na mafuta ni OC, yaani fedha za matumizi ya kawaida, na kila aliyewahi kukaa ofisi ya umma anajua OC inavyokatwa. Hapa pwani chumvi haisubiri mwaka wa fedha uishe. Konekta iliyofungwa bila tepu ya mpira kule juu ya mlingoti, fungua baada ya masika mawili: utakuta kutu ya kijani kwenye nyuzi za shaba na maji yameshaingia kwenye kebo. Redio iko chini ofisini, inang'aa, na hakuna anayeisikia. Ombi la konekta likipelekwa, jibu ni lile lile: mwaka juzi si mlipewa redio?

Kisha ikama. Kituo kinachosikiliza saa 24 kina saa 168 kwa wiki. Mfanyakazi wa kawaida kisheria ana saa 45. Gawanya: unapata karibu watu wanne, na hapo hakuna aliyekwenda likizo, aliyeugua wala aliyefiwa. Kwa hiyo ni watano. Nimeona vituo vinavyoendeshwa na wawili, wengine na mmoja na godoro lake. Askari wana uvumilivu kuliko mfanyakazi wa ghala, lakini sikio la mtu aliyekesha siku ya tatu halitofautishi "tano" na "tisa" katikati ya mikwaruzo, hata umpe cheo gani. Na yule mwendeshaji hodari, anayejua kompyuta na mwenye mwandiko mzuri, ndiye wa kwanza kuchukuliwa kwenda masijala. Wengine wanaondoka kabisa, wanakwenda kwenye kampuni za simu ambako ujuzi wao unalipwa.

Kuna kambi moja, sitaitaja, niliyotumwa kukagua miaka ya nyuma. Redio nzuri ya HF, ile ya kuongea mbali, ipo mezani, imefunikwa kitambaa. Betri yake ya akiba ilikuwa mesi, inawasha televisheni. Waya wa antena ulikuwa umeshushwa na kugeuzwa kamba ya kuanikia nguo. Nilikuta magwanda yanakauka juu yake. Mwendeshaji yuko masijala. Mkuu wa pale akanihakikishia kuwa mawasiliano yako vizuri, na simu yake ya mkononi iko kiganjani anaponihakikishia. Yule kijana wa masijala hakuwa na kosa hata moja. Lakini siku kituo kingehitajika kisipatikane, yeye ndiye angeandikiwa barua ya kujieleza.

Wanaodhani haya ni ya nchi maskini wasome habari za Agosti 1914, mwanzo wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kule Prussia Mashariki, iliyokuwa ya Ujerumani. Majeshi mawili ya Urusi yalikuwa yanatuma baadhi ya amri zake redioni waziwazi, bila msimbo. Waya wa simu haukutosha, wajuzi wa msimbo walikuwa wachache, na funguo zake hazikuwa zimegawiwa ipasavyo. Wajerumani wakazisikiliza amri hizo na kujua nani anakwenda wapi. Jeshi la Jenerali Samsonov lilizingirwa na kuangamizwa huko Tannenberg, na mwenyewe akajiua msituni. Redio walikuwa nazo.

Ila kinachoniuma kuliko fedha na kuliko ikama ni uongozi. Mtu wa mawasiliano huitwa mwisho. Mpango umeshachorwa, ramani imeshapigwa mistari, chakula na magari vimeshahesabiwa, ndipo Alhamisi usiku mtu anakumbuka: "Aitwe siginali." Anaambiwa kikosi kinaondoka alfajiri na kamanda anataka kusikika kila mahali. Hakuna aliyemuuliza kama kati ya hapa na kule pana mlima.

Mwezi Septemba 1944, katika Vita vya Pili vya Dunia, Washirika (Waingereza, Wamarekani na wenzao) waliamua kuteka madaraja ya Uholanzi hadi lile la Arnhem. Operesheni iliidhinishwa tarehe 10, askari wakaruka kwa miavuli tarehe 17. Viwanja vya kushukia vilikuwa zaidi ya kilomita 10 kutoka darajani, na redio nyingi za divisheni ya Waingereza hazikuweza kushika umbali huo katikati ya misitu na majumba. Watu wa mawasiliano walikuwa na mashaka kabla ndege hazijapaa. Mpango ukabaki ulivyo. Jenerali Urquhart, alipoona hawapati watu wake redioni, akatoka makao makuu kwa jipu kwenda kuwatafuta, akaishia kujificha darini kwenye nyumba ya watu huku Wajerumani wako barabarani chini yake. Divisheni ilikaa zaidi ya siku moja haijui kamanda wake yuko wapi, na hizo ndizo zilikuwa saa za kuamua. Yule ofisa kijana wa Shangani nilimsimulia hili taratibu, kisha nikamwambia: siku utakapokuwa na kamandi, mtu wako wa mawasiliano akae kwenye kiti cha kikao cha kwanza. Asiitwe kupewa taarifa ya yaliyokwisha kuamuliwa.

"Redio ya wati nyingi ndiyo inayofika mbali"

Hii naisikia sana kwa wenye boti wa Mikindani na Msimbati. VHF, masafa ya redio za mkono na za boti, husafiri kama jicho linavyoona, na mviringo wa dunia ndio unaoikata. Redio mbili mikononi mwa watu wawili waliosimama ufukweni, baharini peupe, mwisho wake ni kama kilomita 10. Kutoka wati 5 kwenda wati 10 tofauti yake hutaisikia kwa sikio. Pandisha antena ya kituo hadi mita 25, na yule mwenye redio ya mkono atakupata karibu kilomita 25. Fedha ya wati iende kwenye mlingoti.

Na ukishapandisha mlingoti, usiniletee kebo nyembamba ya RG-58. Mita 30 za kebo hiyo kwenye masafa ya 150 MHz hupoteza karibu robo tatu ya nguvu kabla haijafika kwenye antena. Nunua RG-213, nene zaidi na inayopoteza kidogo. Nimeshasema haya kwa wateja hadi sauti inanikauka, na bado nakuta RG-58 kwa sababu ilikuwa rahisi dukani.

"HF ni redio upepo za kizamani"

Nenda Newala, simama pale Shimo la Mungu utazame bonde la Ruvuma. Mwenye VHF kule chini hakusikii ukiwa nyuma ya ukingo huo, uwe na wati zozote. HF inapanda juu, inagonga anga na kurudi, na ukingo hauna la kufanya. Chagua masafa yaliyo kati ya 3 na 8 MHz, ya juu mchana na ya chini usiku, tandaza waya chini kiasi, mita nne au tano tu kutoka ardhini, utaongea kutoka Mtwara hadi Newala, Masasi na hata Tunduru bila mnara hata mmoja katikati. Hesabu ya waya ni rahisi: 143 gawanya kwa MHz. Kwa 5 MHz ni mita 28.6, yaani mita 14.3 kila upande.

Ndivyo tulivyofanya na yule kijana wa masijala. Tuliwaomba wenye nguo waanue, tukaupima waya kwa hatua na kisha kwa futi kamba, tukaufunga kati ya minazi miwili. Saa tatu usiku tukapata jibu kutoka kituo ambacho kambi ile haikuwa imekisikia kwa miezi. Kijana aliandika saa, masafa na jina la mwito kwenye daftari kwa mkono unaotetemeka.

Watu wa Newala wana historia yao na redio za kizamani. Novemba 1917 Wajerumani walirusha L59, meli ya angani ya aina ya Zeppelin, kutoka Bulgaria, kikiwa na karibu tani 15 za dawa, risasi na mahitaji mengine ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku Afrika Mashariki, na kilikuwa kinakuja kutua hapa kwenye nyanda za juu za Makonde. Kilipofika juu ya Sudan kilipata amri redioni kirudi, kwa kuwa Waingereza walikuwa wameshika eneo. Kikageuza na kurudi hadi Bulgaria, safari ya saa 95 bila kutua. Redio hiyo ya kizamani ilivuka bahari na jangwa kufikisha neno moja.

"Siku hizi simu na WhatsApp vinatosha"

Tarehe 4 Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipiga pwani yetu, na mvua za siku zile zikaikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam kule Kilwa. Siku nane baadaye, tarehe 12, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika na intaneti nchini ikawa ya kubahatisha kwa siku kadhaa. Kamati inayotegemea kundi la WhatsApp ilikuwa inatazama tiki moja. Mnara wa simu nao una betri yake. Umeme ukikatika na jenereta ikikosa mafuta, unazima. Redioni anaongea mmoja wanasikia wote, papo hapo.

Kwa askari ni zaidi ya usumbufu. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2023, jengo walimolala askari wa Urusi huko Makiivka, mashariki mwa Ukraine, lilipigwa kwa makombora. Wizara yao ya ulinzi ilikiri vifo 89 na kusema sababu kuu ni askari kuwasha na kutumia simu kwa wingi, adui akajua walipo. Nawaomba vijana waliopo mipakani wasichukulie jambo hili kwa mzaha.

Mengine kwa kifupi

"Redio ya kidijitali haisikilizwi." Inasikilizwa na yeyote mwenye redio ya aina hiyo kwenye masafa hayo. Udijitali na usimbaji ni vitu viwili. Kama hujaweka ufunguo, unaongea sokoni.

"Satelaiti haikatiki." Inahitaji anga wazi, umeme, na ada iliyolipwa. Simu ya satelaiti ambayo haijalipiwa tangu mwaka jana ni uzito kwenye begi.

"Redio yoyote unanunua na kuwasha." Masafa yana leseni, inatolewa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Ukijipachika kwenye masafa ya mwingine unaweza kuziba wito wa mtu anayezama.

"Redio ikilala kabatini haiharibiki." Betri ya lithiamu ikiachwa tupu miezi sita hufa. Iache na chaji nusu, mahali pa baridi, uiamshe kila mwezi.

Meneja wa ghala nilimwachia karatasi: chaja tisa, betri nane, RG-213 mita 30, tepu ya mpira, daftari, na jina la mlinzi mmoja wa kila zamu atakayesaini redio anapoipokea na anapoikabidhi. Nimemwomba pia kila Ijumaa saa nne asubuhi wazime simu zote kwa nusu saa na kuendesha ghala kwa redio peke yake. Ijumaa hii nitakuwepo kusikiliza.