Je, wajua kwa nini waifai ya nyumbani huyumba kompyuta ikishapata apdeti?

Simu iliniingia Jumatano asubuhi, ya binti wa ami yangu anayekaa Kiponda, Mji Mkongwe. "Kaka, neti haishiki. Jana usiku ilikuwa nzima, laptopu ikajiapdeti yenyewe, asubuhi ndiyo hivi. Ikishika haifungui kitu, ikifungua inakata. Nishazima nishawasha mara tatu." Nikamuuliza simu ya mama yake ikoje. "Ya mama yashika vizuri, video zaenda tu." Alikuwa na kazi ya chuo ya kutuma kabla ya saa kumi, na fundi mmoja alishamwambia kwamba ruta imekufa, anunue nyengine.

Ruta haikuwa imekufa, na simu ya mama yake ndiyo shahidi. Nyumba moja, ruta moja, simu inashika na kompyuta haishiki: basi ugonjwa uko kwenye kompyuta, au kwenye hewa iliyo baina yake na ruta. Inaniuma kila ninaposikia mtu ametoa fedha za ruta mpya, kisha akaiwasha na kukuta mambo ni yale yale.

Lau simu nayo ingekuwa inasuasua, tungetazama nje ya nyumba. Mambo mawili hugongana siku moja, na lililo karibu ndilo linalobeba lawama. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za intaneti za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Aliyesasisha kompyuta yake siku ile angeweza kuilaumu bure.

Kwa nini habari hizi huja zaidi Jumatano? Microsoft hutoa masasisho yake makubwa ya usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa nne asubuhi kwa saa za magharibi ya Marekani. Kwetu Zanzibar hapo ni saa mbili au saa tatu usiku, kutegemea wao wamesogeza saa zao au hawajasogeza. Kompyuta inaanza kushusha wakati watu wamekaa baada ya chakula, inajisakinisha usiku, na asubuhi unapoifungua inakuwa na mambo mapya ndani yake.

Jipya linalohusu waifai, mara nyingi, ni draiva. Windows inatengenezwa na Microsoft, lakini kadi ya waifai iliyomo ndani ya kompyuta hutengenezwa na kampuni nyengine, kama vile Intel, Realtek, Qualcomm au MediaTek. Windows na kadi hiyo hawaelewani moja kwa moja. Draiva ndiye mkalimani wao: Windows ikisema "tuma", yeye ndiye anayejua kadi ile itumeje, kwa nguvu gani, kwa masafa yapi, ilale lini na iamke lini. Apdeti inaweza kumuondoa mkalimani uliyemzoea na kumuweka mwengine, au ikamuacha yule yule na kubadilisha maneno ya Windows anayopaswa kuyafasiri. Vyote viwili huweza kuleta mkanganyiko. Apdeti ya Windows 11 ya tarehe 12 Desemba 2023 iliwazuia baadhi ya watu kushika waifai, hasa za vyuoni na maofisini. Microsoft wenyewe walikiri, na siku chache baadaye wakayarudisha nyuma mabadiliko yale.

Nilikwenda Kiponda baada ya adhuhuri. Ruta iko chini, ukumbini, karibu na mlango mkubwa. Chumba cha binti kiko ghorofa ya pili, upande wa nyuma. Nilifungua lile dirisha jeusi la amri, linalokuja ukiandika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, nikaandika netsh wlan show interfaces. Ni amri ninayomfundisha kila mtu, kwa sababu haibadilishi kitu, inakueleza tu hali ilivyo. Ikatoa mistari yake, na miwili ndiyo niliyoitaka: kanali (Channel, yaani njia ya mawimbi inayotumika) 36, nguvu ya mawimbi (Signal) asilimia 34.

Kanali 36 ilinieleza karibu yote. Ruta nyingi za siku hizi zinatoa mawimbi ya namna mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Ukiona kanali kati ya 1 na 13, uko kwenye 2.4. Ukiona 36 na kuendelea, ujue uko kwenye 5. Ile ya 5 ina kasi kubwa zaidi, lakini haistahamili ukuta. Wimbi la 2.4 lina urefu wa sentimita 12 hivi, na la 5 ni kama nusu yake, na katika ukuta wa mawe hilo fupi ndilo linalodhoofika upesi.

Sasa tazama ukuta wenyewe. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, na unene wa kuta zake ni nusu mita, pengine na zaidi. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa sababu dari inabebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba ulilazimika kufuata urefu wa boriti. Maana yake, kutoka ukumbini hadi chumba cha nyuma wimbi linapita ukuta juu ya ukuta. Tena mawe haya na chokaa hunywa maji. Masika yakikolea ukuta unakuwa na unyevu, na unyevu nao unakula mawimbi. Aliyejenga nyumba yake Fuoni kwa tofali za saruji hana shida kama hii, ingawa naye ana mabati na vioo vinavyoyarudisha mawimbi yalikotoka.

Laptopu ile niliitengeneza mwenyewe miaka miwili nyuma, na kwenye mipangilio ya kadi niliiambia ipendelee 2.4, kwa ajili ya kuta hizo. Draiva mpya ilipoingia, matakwa yale yalifutika yakarudi ya kiwandani. Kompyuta ikawa huru kuchagua, ikaikimbilia 5 kwa sababu ya kasi, ikadondoka, ikaikimbilia tena. Ndiyo ile "ikifungua inakata". Simu ya mama yake ilikuwa imetulia kwenye 2.4, haikupata habari zozote.

Nikafungua Device Manager, orodha ya Windows ya vifaa vilivyomo ndani ya kompyuta, nikaingia kwenye kadi ya waifai, ukurasa wa Advanced, nikapata mstari wa Preferred Band, nikairejesha 2.4. Kadi nyengine huandika maneno tofauti kidogo, na nyengine hazina mstari huo. Ikiwa yako haina, ingia kwenye ukurasa wa ruta, uyape mawimbi mawili majina mawili tofauti, kisha kwenye kompyuta ushike lile la 2.4 tu. Amri ile ile ikatoa kanali 6, asilimia 63. Kasi ya juu ilipungua, lakini haikukata tena, na kazi ya chuo ilitumwa saa tisa na nusu.

Si kila nyumba ugonjwa wake ni huo. Kabla ya kugusa lolote, jua kwanza ulipo. Kwenye dirisha lile jeusi andika ipconfig, utafute mstari wa Default Gateway, hiyo ndiyo anwani ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au inayofanana nayo. Andika ping, acha nafasi, kisha anwani hiyo. Majibu yakija upesi bila kuruka, njia ya hapa na ruta ni nzima, na tatizo liko mbele, kwa mtoa huduma au zaidi. Yakiruka au yakichelewa, hata umpigie simu mtoa huduma mara kumi hatakusaidia, kwani hitilafu imo ndani ya nyumba yako.

Pia kuna jambo la kuzima na kuwasha, ambalo limewapotezea watu muda mwingi. Binti alizima mara tatu, na alikuwa mkweli. Lakini tangu Windows 8, ya mwaka 2012, ukibonyeza Shut down kompyuta nyingi hazizimi kikamilifu. Zinaihifadhi sehemu ya ndani kabisa ya Windows, pamoja na draiva zake, kwenye diski ili kesho ziwake haraka. Kwa hiyo draiva iliyochanganyikiwa inalala na mchanganyiko wake na kuamka nao. Restart ndiyo inayoanza upya kweli. Mtu anadhani Restart ni namna ya mkato ya kuzima, kumbe kwa jambo hili yenyewe ndiyo yenye nguvu. Anza nayo, kabla ya yote.

Ikiwa neti haikati ila ni taratibu mno siku ya kwanza, huenda kompyuta bado inakula. Baada ya apdeti kubwa, programu nazo huja kujisasisha, mafaili yanapanda kwenye hifadhi ya mtandaoni, na mengine hushuka kimya kimya. Piga hesabu: apdeti ya gigabaiti 4 kwenye laini ya megabiti 10 kwa sekunde inachukua dakika 53, na hiyo ni pale inapoachiwa laini nzima peke yake. Windows 10, tangu ilipotoka mwaka 2015, ina pia utaratibu wa kompyuta kugawiana vipande vya apdeti, na ukiwa umewashwa, yako inaweza kuwa inapakia kwa wenzake huku wewe unangojea ukurasa ufunguke. Tafuta Delivery Optimization kwenye mipangilio uuzime. Anayetumia bando la simu kwa waifai aiambie Windows kwamba laini hiyo inapimwa, ile Metered connection. Itajizuia kushusha mengi bila ruhusa.

Dalili nyengine ni ya neti kukata ukitoa chaja na kutulia ukiirudisha. Hapo kadi inalazwa ili kuokoa betri, na apdeti imeirudisha tabia hiyo. Kwenye Device Manager ile ile kuna ukurasa wa Power Management. Ondoa alama ya kuiruhusu kompyuta izime kadi.

Na ikiwa draiva mpya yenyewe ndiyo mbovu, kwenye ukurasa wa Driver kuna Roll Back Driver, inayomrudisha mkalimani wa zamani. Ikiwa kitufe kimefifia, wa zamani hakuhifadhiwa, na utahitaji kushusha draiva kutoka kwa kampuni iliyotengeneza laptopu yako. Utaipataje na neti haipo? Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, washa kwenye simu kugawa intaneti kwa USB, na kompyuta itapata neti bila kupitia waifai kabisa. Watu wengi hawajui njia hii, na wanabeba laptopu hadi Darajani kwa jambo la dakika kumi.

Network reset, ile ya kurudisha mipangilio yote ya mtandao kama ya mwanzo, iache iwe ya mwisho. Inafuta nywila zote za waifai ulizowahi kuhifadhi, za kazini, za skuli, za kwa mjomba Wete, zote. Kabla ya kuibonyeza tazama kibandiko chini ya ruta, nywila ya awali mara nyingi iko pale.

Nawaomba sana jambo moja. Msizime apdeti moja kwa moja kwa hasira ya siku moja. Microsoft walitoa tarehe 14 Machi 2017 dawa ya ufa mmoja wa Windows. Tarehe 12 Mei mwaka ule ule kirusi cha WannaCry kikapita kwenye ufa huo huo, kikafunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 150, na hospitali nyingi za Uingereza zikakwama. Kompyuta zilizokwisha kupata dawa ile zilikuwa na kinga dhidi ya ufa huo. Ukitaka muda, Windows inakuruhusu kusimamisha apdeti kwa wiki moja au zaidi, mpaka kasoro zake zijulikane. Simamisha Jumatatu, kabla ya Jumanne ya pili, ikiwa una kazi ya kutuma wiki hiyo.

Kiponda hatukuishia hapo. Niliporudi Ijumaa baada ya sala, tulinunua waya wa mtandao wa mita 10, tukaitoa ruta ukumbini, tukaipandisha kwenye kituo cha ngazi baina ya ghorofa ya kwanza na ya pili. Ngazi za nyumba hizi ni kama kisima, ziko wazi toka chini hadi juu, na mlango wa chumba cha binti unazielekea. Badala ya kuta tatu pakabaki upenyo wa mlango. Tukaandika amri ile: kanali 6, asilimia 81. Tukairuhusu kompyuta irudi kwenye 5, tukaandika tena: kanali 36, asilimia 67, na haikukata.