Kelele za umati kwenye filamu si za wale unaowaona

Ukitazama filamu inayoigiza zama za kale, sokoni watu wanapigiana kelele, ukumbini wageni wanacheka na kucheza dansi. Wengi hudhani sauti zile ni zao. Sivyo. Kamera ikianza, waigizaji wa ziada kwa kawaida huchezesha midomo tu, ili maikrofoni inase maneno ya waigizaji wakuu peke yake. Mvumo wa umati hurekodiwa kando na kuunganishwa baadaye.

Kwenye dansi ndiko kwenye kasheshe. Muziki hupigwa kidogo watu washike mdundo, kisha huzimwa, nao waendelee kuzunguka kimyakimya, mara nyingine soli za viatu zimebandikwa kitambaa kizito zisigonge sakafu.

Na anayesema kazi ya waigizaji hawa wa ziada ni kuvaa gauni na kusimama, ajaribu kupita mlango uleule, mwigizaji mkuu anapofika neno lilelile, kikapu mkono uleule, kila shoti inaporudiwa. Kikapu kikihama mkono, mhariri wa filamu ana kazi ya kuunganisha vipande visivyolingana.

Kabla ya kamera kuanza, mambo ya kisasa huondolewa: saa inavuliwa, rangi ya kucha inafutwa, tatuu inafichwa kwa vipodozi. Nywele za buluu? Kofia, au safu ya mwisho kabisa.