Springi za kunyoosha meno: maswali na majibu

Jino limeshikwa na mfupa. Springi nyembamba inalisogezaje?

Jino halijagandana na mfupa. Kati ya mzizi na taya kuna utando wa nyuzinyuzi, unene wake karibu robo milimita, wenye mishipa midogo mingi ya damu. Springi ikivuta, utando hubanwa upande jino linakoelekea na kutanuka upande linakotoka. Palipobanwa, baada ya siku chache, hutokea seli zinazomung'unya mfupa. Upande wa pili seli nyingine hujenga mfupa mpya.

Si daktari akaze zaidi nimalize mapema?

Utachelewa. Nguvu ikizidi, mishipa ya damu huzibika na sehemu hiyo ya utando hufa. Seli za kumung'unya mfupa zinakosa njia, inabidi zichimbe kutokea nyuma, huku jino limekwama palepale. Maumivu huongezeka, na ncha ya mzizi yaweza kulika. Ikishalika, urefu wake haurudi. Kuinamisha jino hutaka nguvu ya takriban gramu 35 hadi 60, kulisogeza zima pamoja na mzizi wake 70 hadi 120, kulizamisha ndani ya mfupa 10 hadi 20 tu! Kwa nguvu hizo, milimita 1 kwa mwezi ni mwendo mzuri.

Springi zote ni sawa?

Hapana. Ya kuvuta hufungwa kutoka gego hadi chonge kuziba pengo la jino lililong'olewa. Ya kusukuma hubanwa kati ya brakiti mbili (vishikizo vidogo vinavyogandishwa kwenye meno) kufungua nafasi. Ya nikeli na titani hudumisha nguvu karibu ileile jino likisogea, ya chuma kisichoshika kutu hulegea upesi. Kama nikeli hukuwasha ngozi, sema kabla ya kufungwa.

Gego nalo haliji mbele?

Huja, kwa kuwa springi huvuta ncha zote mbili sawasawa. Ndiyo maana daktari huunganisha magego, au huweka skrubu ndogo ya titani kwenye mfupa na kufunga springi hapo.

Springi imechomoka na inachoma shavu. Nifanyeje?

Funika ncha kwa nta ya meno, piga simu kliniki. Usiikunje wala kuirudisha mwenyewe: ukiivuta kupita kiasi hubadilika umbo, na nguvu yake haijulikani tena. Maumivu ya kawaida ni tofauti: huanza saa chache baada ya kukazwa, huisha kwa siku 2 hadi 4. Kula laini, tumia parasetamoli.